Waangalieni Ndege: Namna ya Kujenga Imani na Kutiwa Moyo kwa Kutazama Ndege wa Uani

Yesu alipowafundisha wanafunzi wake wasisumbukie chakula wala mavazi, hakuishia kwenye hoja, bali aliwapa pia jambo la kufanya kwa macho yao: “Waangalieni ndege wa angani, ya kwamba hawapandi, wala hawavuni, wala hawakusanyi ghalani, na Baba yenu wa mbinguni huwalisha hao” (Mathayo 6:26). Wengi wetu tunaijua aya hii kwa moyo tangu shule ya Jumapili, lakini ni wachache waliowahi kuitii kama ilivyo, yaani kuketi mahali na kumwangalia ndege mmoja mpaka wajue anakula nini, anafuatana na nani na anaogopa nini. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, alipoifafanua sehemu hiyo ya Injili, alisema kwamba Mungu amewafanya ndege kuwa walimu wetu, na kwamba ni aibu kwa wanadamu wenye hekima kuhubiriwa na shomoro dhaifu. Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayetaka kuikubali aibu hiyo na kwenda darasani.

Mahali, saa na ukimya

Huhitaji bustani kubwa. Ua wenye mti mmoja unatosha, na asiye na ua anaweza kutumia kibaraza, roshani ya ghorofani au dirisha linalotazama paa la jirani. Kilicho muhimu zaidi ni kurudi mahali palepale, kwenye kiti kilekile na kwa saa ileile, kwa sababu ndege hulizoea umbo lisilobadilika, na baada ya siku kadhaa huacha kukuhesabu miongoni mwa hatari. Saa bora ni kuanzia mapambazuko hadi saa mbili hivi baada ya jua kuchomoza, wakati ndege wanapotafuta chakula baada ya kukaa usiku kucha bila kula. Jioni kabla ya jua kuzama nako kuna shughuli nyingi, lakini mchana wa jua kali wengi wao hujificha kivulini na kupumzika. Tenga dakika ishirini kwa kuanzia, na simu iache ndani ya nyumba.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Darubini si lazima kwa ndege wa karibu, ila ukiamua kununua, ile iliyoandikwa 8x42 inamfaa karibu kila mtu: namba ya kwanza ina maana kwamba inakuza mara nane, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambacho huamua kiasi cha mwanga unaoingia. Kitabu chenye picha za ndege wa eneo lako kitakusaidia kuyajua majina. Penseli na daftari vina thamani kuliko hivyo vyote, nami nitavirudia hapa chini.

John Stott (1921–2011), mchungaji wa Kianglikana wa London aliyejulikana duniani kwa mahubiri yake, alikuwa mtazamaji wa ndege maisha yake yote. Alianza utotoni kwa baba yake, aliyemwagiza afunge mdomo na kufungua macho na masikio walipotembea mashambani. Agizo hilo linatufaa hasa sisi tuliozoea kuijaza saa ya ibada kwa maneno. Anza kwa sala ya sentensi moja au mbili, ukimwomba Mungu akupe macho ya kuona alichokiumba, kisha nyamaza. Biblia ni vyema uisome usiku uliotangulia au uifungue baadaye, badala ya kuiweka mapajani. Nionavyo mimi, Biblia iliyo wazi mapajani huyashusha macho chini wakati uleule ndege anapotua.

Kuona kwanza, somo baadaye

Udhaifu mkubwa wa mtazamaji mwenye nia njema ni kulikimbilia fundisho. Ndege hajamaliza hata kukunja mbawa, naye ameshatungiwa mahubiri, na mara nyingi mahubiri hayo yangeweza kutungwa bila ndege yeyote kuwapo. Tiba yake ni daftari linalotumiwa kwa namna maalumu. Ukurasa wa kulia andika ulichokiona tu: tarehe, saa, hali ya hewa, jina la ndege au umbo lake kama jina hulijui, na alichofanya. Ukurasa wa kushoto uache mtupu. Jioni, au hata baada ya wiki, soma upande wa kulia taratibu, na iwapo kuna aya, sala au swali linalozaliwa na ulichokiona, liandike upande wa kushoto. Si lazima kila tukio lipate mwenzake. Kurasa nyingi za kushoto zitabaki tupu, na utupu huo ni bora kuliko somo la kulazimisha.

Chukua mfano wa njiwa anapokunywa maji. Mtazame kwa karibu: hushusha kichwa, huzamisha mdomo mpaka karibu na pua, na huyavuta maji mfululizo bila kuinua kichwa, huku koo likicheza kidogo kwa kila funda. Kisha mtazame shomoro kwenye bakuli lilelile. Yeye huchota tone kwa ncha ya mdomo, huinua kichwa juu, huacha maji yateremke, halafu huangaza macho kushoto na kulia kabla ya kuchota tena. Ndege wengi hunywa kama shomoro, na njiwa na jamii yake ni miongoni mwa wachache wanaovuta. Hayo ndiyo ya ukurasa wa kulia. Upande wa kushoto mtu anaweza kuandika kwamba bakuli moja limewatosha wawili wasiojua kunywa kwa namna moja, akaombee kanisa lake. Mwingine asiandike chochote ila shukrani kwamba ameliona jambo ambalo limekuwa likitendeka mbele ya nyumba yake siku zote.

Utii huu wa macho unasahihisha pia namna tunavyoielewa aya ya Mathayo. Mtu ambaye hajawahi kumtazama ndege anaweza kudhani kwamba kulishwa na Mungu ni kukaa na kungoja. Aliyemtazama hata kwa asubuhi moja anajua kwamba ndege haketi: anapekua majani makavu, anakagua ufa wa gome la mti, anarudi mara kumi kwenye kichaka ambacho mara tisa hakikumpa kitu. Hana ghala, lakini ana kazi. Anachokosa ni ule usumbufu wa kesho, na hapo ndipo Bwana alipotaka tutazame. Kwa mtu anayehangaika na ajira au ada, tofauti hii ina uzito, kwa kuwa haimwambii aache kutafuta. Inamwambia atafute bila hofu ya aliyeachwa peke yake.

Ndege wa kuanza nao

Shomoro ndiye wa kwanza, kwa sababu amezoea kuishi na watu na anapatikana karibu kila penye makazi duniani. Uzito wa shomoro wa majumbani ni takriban gramu 30, na rangi zake ni za kahawia na kijivu, kiasi kwamba wenye darubini za gharama humpita bila kumtupia jicho. Injili ya Mathayo inataja mashomoro wawili kuuzwa kwa senti moja (10:29), na ya Luka inataja watano kwa senti mbili (12:6). Ukifanya hesabu, utaona kwamba wa tano ametolewa kuwa nyongeza, hana bei yoyote, na ndipo Luka anapoandika kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu.

Zoezi lake ni hili. Kundi la mashomoro likitua chini kutafuta punje, chagua mmoja tu na umfuate kwa macho kwa dakika tano. Utaona anavyoizungusha punje mdomoni mpaka ganda lidondoke, anavyomfukuza mwenzake na kufukuzwa, anavyojichimbia kishimo na kuoga vumbi kwa kutetemesha mbawa. Huenda kabla dakika ya pili haijaisha kundi litaruka ghafla, litatua tena hatua chache mbele, nawe hutajua yupi alikuwa wako. Jaribu tena kesho. Baada ya kumpoteza mara nyingi, soma Mathayo 10:29–31 kwa sauti, na uyapime maneno “bora ninyi kuliko mashomoro wengi” kwa jinsi ulivyoshindwa kumshika mmoja kwa dakika tano.

Kunguru hapendwi na wengi. Ana kelele, huiba, hula mizoga, na Sheria ya Musa ilimweka miongoni mwa ndege najisi (Walawi 11:15). Hata hivyo ndiye Yesu aliyemtaja kwa jina katika Luka 12:24 alipozungumzia jinsi Mungu anavyolisha, na Ayubu 38:41 pamoja na Zaburi 147:9 zinasema kwamba makinda yake yanapolia, Mungu huwapa chakula. Kunguru walimpelekea Eliya mkate na nyama, asubuhi na jioni, kwenye kijito cha Kerithi (1 Wafalme 17:6). Ukimtazama kwa subira utagundua akili yake: huficha chakula na kukikumbuka, na hutambua sura za watu, akijua ni nani wa kumwogopa. Msomaji anayejiona hafai mbele za Mungu atafaidika kwa kukaa na kunguru kwa wiki nzima kuliko kukaa na ndege wa rangi za kuvutia.

Njiwa na hua hujenga kiota cha vijiti vichache tu, na kwa kawaida hutaga mayai mawili. Makinda yakianguliwa, baba na mama wote wawili huyalisha kwa majimaji mazito kama maziwa yanayotengenezwa ndani ya koo zao, jambo lililo adimu sana miongoni mwa ndege. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka 2:24 inataja sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ambayo kwa mujibu wa Walawi 12:8 ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwanakondoo.

Mbayuwayu hukamata wadudu akiwa angani na hujenga kiota kwa mamia ya madonge ya tope, mara nyingi chini ya mapaa ya watu. Ndiyo sababu mwandishi wa Zaburi ya 84 alimwona penye madhabahu na kumwonea wivu mtakatifu. Aina moja inayojulikana sana, yenye uzito wa gramu 20 hivi, husafiri kati ya Ulaya na kusini mwa Afrika, takriban kilomita 10,000 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Andika tarehe unayomwona kwa mara ya kwanza na ya mwisho kila mwaka, kisha soma Yeremia 8:7.

Kusikiliza

Masikio huona ndege wengi kuliko macho. Gilbert White, mchungaji msaidizi wa kijiji cha Selborne huko Uingereza katika karne ya 18, alitambua kwamba ndege wadogo waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa aina tatu, na aliwatofautisha kwa nyimbo zao. Fumba macho kwa dakika tatu mwanzoni mwa kila kikao na uhesabu sauti tofauti, hata kama hujui wenyewe ni nani. Utajifunza upesi kwamba wimbo wa kudai eneo au kumwita mwenzi si sawa na mlio mfupi wa tahadhari, ambao ndege wa aina nyingine nao huuelewa na kuukimbia. Wengi huanza kuimba kukiwa bado giza, na kwa aliyekesha kwa ugonjwa au msiba, nusu saa hiyo ni saa nzuri ya kusali Zaburi ya 130, inayozungumzia walinzi wangojao asubuhi.

Hapa pana onyo moja. Ndege si mpelelezi wa mambo ya siri. Bundi akilia juu ya paa anatafuta panya au anamwita mwenziwe, wala hatangazi kifo cha mtu, na vivyo hivyo njiwa akitua dirishani siku ya usaili wa kazi hajaleta jibu. Kumbukumbu la Torati 18:10 inakataza uaguzi, na uaguzi uliovikwa lugha ya Kikristo unabaki kuwa uaguzi. Tunachokipata kwa ndege ni ushuhuda wa tabia ya Mungu ambayo Maandiko yameshaifunua.

Siku za kifo na za ukimya

Itafika siku utakapokuta kinda chini ya mti, limekufa, sisimizi wameshafika. Utamwona mwewe akishuka na kumchukua njiwa uliyemzoea. Vitabu vingi vya kutia moyo huyaruka mambo haya, nami nadhani vinakosea, kwa sababu Yesu hakusema kwamba shomoro haanguki. Alisema haanguki pasipo Baba kujua. Makinda wengi wa ndege wadogo hawafikishi hata mwaka mmoja. Imani inayotegemea ua uliojaa nyimbo itavunjika siku hiyo, lakini imani inayomtegemea Mungu anayemwona anayeanguka itapata nafasi ya kuomboleza kwa uaminifu. Liandike tukio lote upande wa kulia bila kulipamba, na upande wa kushoto usiandike faraja ya haraka. Zaburi ya 102 itakupa maneno, kwani mwenye kuteswa pale anajifananisha na bundi wa mahameni na shomoro aliye peke yake juu ya nyumba, na zaburi hiyo imo katika Biblia pamoja na zile za furaha.

Kuna pia siku ambazo hakuna kinachotokea. Mvua kubwa, upepo au kupita kwa mwewe kunaweza kuufanya ua kuwa mtupu asubuhi nzima. Kaa dakika zako zote. Andika “hakuna” na tarehe yake, kwa kuwa daftari lisilo na siku tupu halisemi kweli kuhusu ndege wala kuhusu maisha ya sala.

Kuwatunza wanaokufundisha

Maji huwavuta ndege wa aina nyingi kuliko punje. Weka bakuli pana lenye kina kisichozidi sentimita 5, lenye sakafu isiyoteleza na jiwe la kusimamia katikati, kwenye uwazi ulio mita mbili au tatu kutoka kichakani, ili ndege apate pa kukimbilia lakini paka asipate pa kuvizia kwa karibu. Badilisha maji kila siku na usugue bakuli, maana maji machafu hueneza magonjwa, na yakikaa wiki moja huzaa mbu. Ukitoa punje, zisiwe zenye chumvi wala ukungu, na ukimwona ndege aliyevimba manyoya na kusinzia mchana, acha kulisha kwa muda na uoshe vyombo vyote. Vioo vya madirisha huua ndege wengi wanaodhani wanaona anga, hivyo weka alama kwa nje zisizoachana zaidi ya sentimita 5.

Viota viache. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 iliagiza kwamba anayekuta kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda yake, na kutazama kwa mbali ni njia nyepesi ya kuiheshimu nia ya agizo hilo. Kinda lenye manyoya linalorukaruka chini kwa kawaida halijapotea. Wazazi wako karibu wakingoja uondoke. Lile lisilo na manyoya lirudishe kiotani ukiweza kukifikia, wala usiogope, kwani mzazi halikatai kwa sababu ya harufu ya mkono wako.

Kutazama pamoja na wengine

Watoto ni watazamaji wazuri wakipewa swali moja la kujibu, kwa mfano ndege yupi hutembea na yupi hurukaruka kwa miguu miwili. Katika kikundi cha sala, wekeni kanuni kwamba kila mmoja aeleze kwanza alichokiona, kwa ukamilifu, ndipo atoe aya. Kanuni hii pekee itazuia mahubiri mengi yasiyo na ndege ndani yake. Kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, tundika bakuli la maji mahali panapoonekana kutoka kitandani kwake, mpe daftari, na ukimtembelea muulize ameona nini leo kabla ya kumwuliza habari za dawa. Akiwa hana nguvu za kuandika, mwandikie wewe kwa maneno yake mwenyewe, upande wa kulia, na ule wa kushoto mwachie.